Kidole Gumba cha Guka wa Visu

Ukitaka kumwona Guka wa Visu amekasirika, mpe kisu mkononi. Hakupokea. Alificha mikono nyuma kama mtoto anayekataa dawa, akakuangalia mpaka ukaelewa mwenyewe, halafu akakuonyesha kigoda kwa kidevu. Kisu kinawekwa kwenye kigoda, mwenye kisu anarudi nyuma, ndipo Guka anakiokota. Akimaliza kukinoa ni vilevile: kwanza kigoda, halafu mkono wa mwenyewe. Kama ilikuwa mila ya kwao au ni yake aliyojitungia, sikuwahi kujua. Nilipomuuliza alisema, "Kisu kikipita mkono kwa mkono kinapita na maneno." Nilipomwambia anifafanulie, akasema chai inapoa.

Alikuwa mzee wa kunoa visu kwa baiskeli. Guka ni babu kwa lugha ya kwetu, na hapa Ruiru kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wa rika lake, hata pasta. Alilala Thika, Makongeni, nyumbani kwa binti yake. Asubuhi alishuka na ile barabara ya kando ya highway, akapita Juja, akafika kwenye kibanda changu kunywa chai, halafu akaenda zake Mwiki mlango kwa mlango, au Kamakis kwa wachoma nyama. Jioni alirudi kwao kwa baiskeli ileile. Nilimwambia miaka nenda miaka rudi kwamba Thika pia kuna visu. Alinijibu kwamba visu vya Thika vinamjua, vinamdharau.

Mimi ni fundi wa baiskeli. Spana nilirithi kwa baba, mdomo nikarithi kwa mama, na vyote viwili vinanilisha. Guka aliniita Mama Shiro siku za amani, na "huyu mwanamke" siku za vita. Siku za vita zilikuwa nyingi, na karibu zote zilihusu foki.

Foki ni ule uma unaoshika tairi la mbele. Ziko za aina mbili. Kuna foki ngumu, chuma mtupu, haina mchezo: jiwe likigonga tairi, mkono unajua saa hiyohiyo. Na kuna foki ya shoki, yenye springi ndani ya miguu yake, inayobonyea ukipita tuta ili mikono isipokee kila kishindo cha dunia. Mtu akija kwangu anataka baiskeli ya kwenda kazini, swali langu la kwanza ni moja: unapita wapi? Kama ni lami mpaka mlangoni, chukua ngumu, ni nyepesi na haina cha kuharibika. Kama unapita Mwiki kwenye mawe na mashimo kila siku ya Mungu, na mikono yako una mpango nayo, chukua shoki.

Guka alipita Mwiki kila siku ya Mungu. Na mikono yake alikuwa na mpango nayo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini foki yake ilikuwa chuma, ya blakimamba yake, ile baiskeli nyeusi nzito ya wazee, na hapo ndipo palikuwa na matata.

Ile baiskeli haikuwa ya kumpeleka kazini tu. Ilikuwa kazi yenyewe. Nyuma ilikuwa na stendi pana ya kuinua tairi. Akishaiinua, anafunga mkanda kutoka kwenye gurudumu la nyuma mpaka kwenye jiwe la mviringo lililofungwa juu ya usukani. Anakaa kwenye kiti, anakanyaga kama anayesafiri, jiwe linazunguka mbele ya kifua chake, naye anakandamiza kisu. Ule mkandamizo wote unashukia kwenye foki. Foki ikibonyea, jiwe linacheza. Jiwe likicheza, kisu kimeharibika.

"Kwa hivyo niambie, fundi," alikuwa akisema huku anapuliza chai. "Nipone mikono nife njaa?"

"Utakufa njaa vizuri sana mikono ikikufa," nikamjibu.

"Huyu mwanamke!" Halafu anacheka mpaka anakohoa.

Nimesema alikuwa na mambo yake. Maji ya kupoza kisu aliyatoa Thika kwa chupa, akidai ni ya mto Chania, eti maji ya visima vya Ruiru yana chumvi na chumvi inakula makali. Kuna siku nilimfumania akijaza chupa hiyohiyo kwenye mtungi wangu. Akaniambia yamebarikiwa njiani. Aliimba nyimbo za kanisa akikanyaga, na mwendo wa wimbo ulifuata miguu, kwa hivyo kisu kidogo kilipata pambio la haraka na panga lilipata wimbo wa mazishi. Nyama aliipenda sana, lakini hakula nyama iliyokatwa mbele yake kwa kisu alichonoa yeye. Alisema hawezi kula huku anafanya mtihani.

Tena alikuwa mtu wa kuuliza. Kila kisu kilichowekwa kwenye kigoda kiliulizwa swali: "Cha kukata nini?" Watu walicheka. Si sukuma, Guka? Lakini alingoja jibu. Kuna mama mmoja wa Mwiki alileta kisu cha jikoni akiwa na jicho limevimba, akasema ni cha nyanya. Guka alikitazama, akamtazama mama, akasema, "Hiki nitakirudisha kesho, jiwe limechoka." Jiwe halikuwa limechoka. Kesho yake alikirudisha butu vilevile. Akakaa na yule mama na mumewe mpaka chai ikaisha na maneno yakaanza. Waliongea nini, hakuniambia. Najua tu kwamba baadaye alikinoa, na yule mama alianza kumsalimia kwa mikono miwili.

Na mwaka wa kura hakunoa panga. Jembe alinoa, shoka akanoa, visu vyote akavinoa, lakini panga, hapana. Vijana wa boda walimtania: "Guka, kwani umeogopa panga? Si uko na shamba ya nyasi na ng'ombe inataka kula!" Yeye aligeuza kigoda juu chini, ishara ya kwamba amefunga duka. Niliwahi kumuuliza mara moja tu, tukiwa wawili.

"Kuna mwaka wa kura nilinoa bila kuuliza," akasema. Hatukurudia tena yale maneno.

Sasa nieleze kidole. Guka alipima makali kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Hakukiburuta juu ya makali, hivyo hufanya mtu asiyependa vidole vyake. Alikipitisha kwa kukatiza, polepole, kwa uzito wa unyoya, macho kayafumba, midomo kaikunja. Halafu alitoa neno moja kati ya mawili: "Bado", au "Nenda". Bado maana yake kinarudi kwenye jiwe. Nenda maana yake chukua kisu chako uende. Wakata nyama wa Kamakis, watu wenye midomo mikubwa kama mimi, walisimama mbele yake kimya wakingoja hukumu ya kidole. Siku moja, kabla hajapima, nilinyoosha mkono nijaribu mwenyewe kisu changu cha jikoni. Alinipiga kofi mkononi, mimi mama wa watoto watatu.

"Kazi ya kidole changu hiyo," akasema. "Wewe una spana."

Na kila mara alipokuwa akitetea foki yake ngumu, alirudi kwenye kidole. Alisema chuma hakidanganyi. Barabara ikiwa mbaya, foki ngumu inakuambia ni mbaya. Shoki inakuambia ni nzuri, inakubembeleza mpaka ukiona ni shimo ushaingia. "Mimi kazi yangu ni kuambiwa ukweli na chuma," akasema. "Nianze kudanganywa asubuhi, jioni nitajuaje kisu?" Nilimwambia huo ni ukaidi umevaa suti. Lakini ukweli ni kwamba hoja yake ilinikaa kichwani, na wateja wengine nimewahi kuwaambia kana kwamba ni yangu.

Ganzi ilianza na kikombe. Niliona anakishika kwa viganja viwili, vidole vimelala tu pembeni. Baridi, akasema. Siku nyingine ilikuwa jua la kuchoma kichwa na bado alikishika vile. Nikaona anakung'uta mikono akishuka kwenye baiskeli, anakung'uta, anakung'uta, kama aliyetoka kunawa. Nikaona vifungo vya koti havifungwi tena. Nilijua ni nini. Fundi yeyote aliyekaa na waendesha baiskeli anaujua ugonjwa huo: mtikisiko wa barabara unapanda kwenye chuma, unaingia kiganjani, unasaga mishipa ya fahamu kidogo kidogo kila siku. Na Guka akifika kazini, badala ya kupumzisha mikono, anakandamiza jiwe linalotetemeka.

"Guka, vidole vinalala?"

"Vinalala, vinaamka. Kwani wewe hulali?"

Haiya! Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikasirika, niseme ukweli, na chini ya hasira niliogopa. Usiku nilikuwa nikimfikiria yeye na highway na breki asizozihisi.

Kilichovunja ukaidi wake kilitokea Kamakis. Mkata nyama mmoja, kijana mnene mwenye aproni nyeupe anayependa utani, ndiye aliyenisimulia. Guka alikuwa amemaliza kisu kirefu cha kukatia mbavu. Akafumba macho, akapitisha kidole, akasema "Nenda", akakiweka kwenye kigoda. Kijana alipokiokota akaona damu kwenye makali, akadhani ni ya nyama. Lakini kisu kilikuwa kimetoka kwenye maji, kisafi. Akamtazama mzee. Guka amesimama, anatabasamu, anangoja kisu kinachofuata, na damu inadondoka kutoka kwenye kidole gumba mpaka kwenye kiatu.

"Guka, umejikata!"

"Wapi?" akauliza Guka.

Yule kijana anapenda kuchekesha, lakini alipofika hapo kwenye hadithi hakucheka. Alisema lile "wapi" lilimtoa jasho. Walimfunga kitambaa, wakampa supu. Baadaye mwenye duka akasema kwa heshima, eti mzee apumzike mpaka kidole kipone, wateja wakiona damu isiyo ya mbuzi itakuwa noma. Wachoma nyama wengine wakasikia, nao wakasema hivyohivyo.

Siku iliyofuata hakuja Guka. Alikuja binti yake kutoka Thika, mwanamke wa kupima maneno, mwalimu wa watoto wadogo. Aliingia kibandani bila hata kusema hodi.

"Wewe ndiye Mama Shiro? Wewe ndiye unamtengenezea hii baiskeli?"

"Ni mimi. Karibu, mami, kaa."

"Sikai. Ukiacha kumtengenezea ataacha. Nimemwambia nitamlisha, nitamvisha, akae nyumbani. Anasema atakaa akifa. Daktari amesema mikono ikiendelea hivi, haitarudi. Unajua hawezi kufunga kamba za viatu? Namfungia mimi, halafu anageuka ukutani ndio nisimwone uso."

Nikamwambia nikiacha mimi atapata fundi mwingine mbaya zaidi. Nikamwambia niachie foki, niachie nijaribu. Akakaa, akalia. Nikampa chai ya baba yake, kwenye kikombe cha baba yake.

Guka aliporudi, kidole kikiwa na bandeji, hakubishana. Hilo ndilo lililonitisha. Alisukuma baiskeli mpaka mbele yangu, akaiachia.

"Weka hiyo shoki yako," akasema.

Haikuwa kazi rahisi. Blakimamba ina shingo yake ya kizamani, foki za shoki za siku hizi hazikai. Nilitafuta kwenye baiskeli za mtumba zilizokufa mpaka nikapata moja ya zamani yenye shingo inayolingana. Ilibidi tairi la mbele liwe dogo kidogo, breki ya mbele iwe ya waya. Ile foki yake ngumu niliifuta nikaitundika ukutani, juu ya spoki. Yeye aliitazama ikitundikwa, akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamwambia mbachao umekula vidole, acha msala upite tuone.

Kwa kuendesha, Guka alikuwa mtoto tena. Aliipitisha kwenye matuta ya Mwiki akarudi akicheka, "Wui! Inainama kama mtu mwenye adabu!" Vijana wa boda walimpigia honi, "Niaje, Guka, sasa uko na shoks, tukimbizane!" Siku zile za mwanzo alikunywa chai kwa mkono mmoja. Nikajisifu kwa kila aliyepita, hata wasiouliza.

Lakini jiwe likacheza, kama alivyosema. Akikandamiza kisu, foki inabonyea, mkanda unalegea, jiwe linaruka. Visu vilitoka na makali ya mawimbi. Mama mmoja wa Mwiki akamwambia hadharani, "Guka, hiki sasa ni msumeno." Alirudi kwangu uso umeanguka, hakunitukana wala hakusema "nilikuambia". Alikaa tu kwenye kigoda chake mwenyewe, mahali pa visu.

Hapo nikapata wazo, na nililipenda sana. Nilichukua paipu ya plastiki, nikaikata vipande viwili, nikavipasua katikati ili vivae kwenye miguu ya foki, pale inapobonyea. Nikavifunga kwa blada, yale mapande ya mpira tunayokata kwenye tyubu kuukuu. Ukivivalisha, shoki haiwezi kushuka, foki inakuwa ngumu kama ile ya ukutani. Ukifungua blada ukavitoa, shoki inarudi. Njiani laini, kazini ngumu. Nilivifunga mbele yake, kwa fundo langu la kurudisha mara mbili, akakaa kwenye kiti akanoa kisu changu cha jikoni. Jiwe lilitulia tuli.

"Nenda," akasema, akakiweka kwenye kigoda. Nikakichukua. Nilikuwa na furaha ya kijinga siku ile.

"Ukimaliza Kamakis unafungua, unaweka mfukoni," nikamwambia. "Ukifika unafunga tena."

"Nimesikia."

Akaenda. Siku zikapita, akawa anakuja kwa chai, nami nauliza, vipi shoki? Njema. Unafungua? Nafungua. Unafunga? Nafunga. Mikono? Inaamka, inaamka. Yule mzee wa "chuma hakidanganyi" alinidanganya asubuhi baada ya asubuhi huku ameshika kikombe kwa viganja viwili tena, na mimi nikaamini kwa sababu nililipenda wazo langu.

Mvua ilikuja, Mwiki ikawa matope. Akaniletea baiskeli niangalie breki ya mbele, inavuta upande. Nikapiga magoti, nikatoa matope kwa kijiti. Juu ya vipande vya paipu yalikuwa matope ya jana, chini yake ya juzi, chini yake vumbi jekundu la kabla ya mvua, limekauka likawa kama saruji. Nikayabandua mpaka nikafika kwenye blada, nikaona fundo. Fundo lilikuwa langu. Lile la kurudisha mara mbili, nililolifunga mimi siku ile, halijawahi kufunguliwa.

Tangu siku ile alikuwa ameendesha foki ngumu. Tena mbaya kuliko ya kwanza, nzito zaidi, imekazwa na mkono wangu.

"Guka!" Nilipiga kelele, nakiri. "Guka, hukufungua hata mara moja!"

Alikuwa ameangalia barabara. Akaleta mikono yake mbele ya uso wangu, akajaribu kuvikutanisha kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayetaka kushika uzi. Vilikutana, vikapitana, vikaachana.

"Fundo linataka vidole, Mama Shiro," akasema taratibu.

Mtu asiye na vidole, na mimi nimemtengenezea kitu cha vidole. Na yeye angeomba mtu yeyote amfungulie. Pale Kamakis kuna watu, Mwiki kuna watu, vijana wa boda wangegombania. Hakuomba. Yeye aliyemuuliza kila mtu kisu chako ni cha kukata nini, hakuweza kumwambia mtu nifungulie hapa. Nilimwambia maneno makali siku ile, kwamba kiburi chake ndicho kitamlaza, si barabara. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Umemaliza? Breki je?"

Baada ya pale alipotea. Visu vya Mwiki vikawa butu, watu wakaanza kuniuliza mimi kana kwamba nimemficha. Nilimpigia binti yake. Akasema yuko, anakula, haongei, amegeuza kiti chake kinatazama ukuta ulio na baiskeli.

Mara ya mwisho aliyokuja kwangu alikuja mchana, kwa pikapu ya jirani yake iliyokuwa ikileta kabeji Ruiru. Baiskeli ililala nyuma juu ya magunia. Binti hakuwepo. Guka alikuwa amevaa koti la Jumapili, na vifungo vilikuwa vimefungwa vizuri kimoja kimoja, nikajua nani alivifunga. Tulisalimiana kama watu waliogombana: mno.

"Nirudishie chuma changu," akasema, akionyesha ukutani kwa kidevu.

"Sirudishi. Daktari alisema nini?"

"Daktari alisema mishipa iliyokufa imekufa. Hii iliyobaki inaweza kubaki kama sitaendesha. Na sitaendesha, Mama Shiro. Binti ameshinda. Nitaiweka getini kwetu, isimame kwa stendi yake hapo, wenye visu walete."

Nilimkumbusha kwamba visu vya Thika vinamdharau. Akasema sasa vina haki. Kisha akasema, "Shoki ni ya mtu anayeenda mahali. Wewe mwenyewe huwa unauliza, unapita wapi? Haya, mimi sipiti popote. Niwekee ngumu."

Kama mteja yeyote angekuja na majibu hayo ningempa foki ngumu bila kufikiri mara mbili. Niliishusha ukutani. Nilifanya kazi ile polepole kuliko inavyohitaji, na sikuimba wala kutukana, mpaka jirani wa kabeji akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nilipomaliza, Guka akaisimamisha kwa stendi, akavuta mkanda kwa kiganja kizima, akaniambia, "Leta kisu chako."

Nilikileta kisu changu cha jikoni, nikakiweka kwenye kigoda, nikarudi nyuma. Akakiokota kwa mikono miwili. Hakuuliza ni cha kukata nini. Akapanda, akakanyaga, jiwe likazunguka tuli juu ya kile chuma chake, na wimbo ukaja, ule wa haraka wa visu vidogo. Watu wawili watatu wakasimama kutazama. Akanoa upande huu, akanoa ule, akachovya kwenye maji yake ya Chania. Kisha akakiweka kwenye kigoda.

Nikangoja afumbe macho. Nikangoja kidole. Aliweka mikono mapajani.

"Jaribu," akasema.

"Mimi?"

"Binti atasema ni kikali hata nikinoa mwiko, ndio nipumzike. Watu wa Kamakis watasema ni kikali kwa heshima. Wewe huna heshima. Ndiyo maana nimepanda gari la kabeji mpaka hapa. Jaribu."

Nilikiokota. Nikapitisha kidole changu kwa kukatiza, polepole, kama nilivyomwona akifanya miaka yote, na nikafumba macho kwa sababu sikutaka kumwona. Katikati kilikuwa kikali. Kuelekea ncha hakikuwa na kitu, kidole kilipita kama juu ya kijiko. Niliomba Mungu nipate uongo mmoja mzuri. Koti la Jumapili, pikapu inangoja, watu wanatazama. Nilitaka kumwambia Nenda, nilitaka sana, neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Bado, Guka," nikasema.

"Wapi?"

"Kwenye ncha. Bado kabisa."

Nilirudisha kisu kwenye kigoda. Kisha akakiokota kwa mikono yake miwili, akapanda tena kwenye kiti, akakanyaga.

"Usiende mbali," akasema.